Shajara ya mradi wa miwani ya kusomea: Dar es Salaam na Pwani

Februari, mwishoni

Mradi umeanza wiki hii, kwa boksi moja la miwani na barua ya mchungaji kiongozi. Naandika hatua zake hapa ili ndugu wa idara ya uinjilisti, na usharika wowote utakaotaka kufanya kitu cha namna hii, wapate pa kuanzia.

Mimi ni mwinjilisti, mtu wa Njombe, niliyetumwa kuhudumu pembezoni mwa Dar es Salaam na vijiji vya Pwani: kutoka Mbagala hadi Mkuranga na Kibiti, kutoka Kigamboni hadi Kimbiji, na kutoka Gongo la Mboto hadi Chanika. Nusu ya kazi ni kuhubiri na kufundisha, nusu ni kutembelea wazee na wagonjwa majumbani. Huko majumbani ndiko jambo hili lilikojionyesha. Unakuta Biblia imeviringishwa vizuri kwenye khanga, iko juu ya kabati. Ukimwomba mwenyeji asome anakwambia, "Soma wewe, mwinjilisti, mimi macho yangu yamekwisha." Anayesema hivyo si kikongwe. Ana miaka 50, pengine 55. Anauza mkaa, chenji hazimpigi chenga, na amekuita jina lako tangu ukiwa bado unashuka kwenye bodaboda. Kilichomshinda ni maandishi ya karibu tu.

Husemwa mara nyingi kwamba wazee wa huku hawajui kusoma, kwa hiyo wapelekewe mahubiri ya kusikiliza. Wapo wasiojua, na kwao sauti ni msaada mkubwa. Lakini wengi wanajua, na historia ya nchi yetu inaeleza kwa nini. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikaenea hadi vitongojini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakakaa kwenye vikundi wakisikiliza redio na kusoma vijitabu. Mwaka 1977 ikafuata elimu ya msingi kwa wote. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilihesabu watu wazima tisa katika kila kumi kuwa wanajua kusoma na kuandika. Sasa piga hesabu. Mama aliyekuwa na miaka 20 kwenye kisomo mwaka 1975 leo amevuka 70. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wa elimu kwa wote amevuka 50. Kizazi kilichofundishwa kusoma kwa jasho la taifa zima ndicho hiki ambacho macho yake sasa yanadai miwani, na miwani haipo.

Machi, wiki ya kwanza

Mtaalamu wa macho, muumini wa usharika wa jirani, amekubali kutufundisha Jumamosi mbili bila malipo. Mungu ambariki. Tuliokaa darasani ni mimi, mama wawili wa umoja wa wanawake, na kijana mmoja wa kwaya.

Alianza na kueleza kinachotokea. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayojikunja ili tuone vya karibu. Kuanzia miaka 40 hivi inakakamaa kidogo kidogo. Hili si ugonjwa wala halitokani na kusoma sana, humpata kila mtu akijaliwa umri. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria watu milioni 826 duniani wana shida ya kuona karibu kwa sababu tu hawana miwani inayofaa. Aliposema hivyo mama mmoja kati yetu alivuta pumzi, akasema, "Kumbe si mimi peke yangu." Akapimwa pale pale na kupewa miwani ya +2.00 (namba hiyo ndiyo nguvu ya lenzi).

Utaratibu aliotuachia naunakili hapa kwa sababu ndio moyo wa mradi. Kadi ya maandishi ishikwe sentimita 40 kutoka usoni, na kamba ya kupimia iwe imefungwa kwenye kadi yenyewe, kwa sababu mtu atausogeza mkono mbali bila kujua. Anza na lenzi dhaifu, panda taratibu, na umpe ile ya chini kabisa inayomwezesha kusoma herufi ndogo. Usimpe kali kwa kuwa ameifurahia. Kabla ya hapo mpime kuona mbali, jicho moja moja. Akiwa haoni mbali, au mboni ina ukungu mweupe, au ana maumivu, au anaona duara za rangi kuzunguka taa, au ana kisukari, huyo haondoki na miwani yetu peke yake. Anaandikiwa rufaa.

Akatuonya jambo ambalo mtu wa kanisa asingeliwaza upesi: tusipime kwa Zaburi ya 23. Wanaijua kwa moyo. Ukimpa mama wa Kilutheri ukurasa ule atakusomea "Bwana ndiye mchungaji wangu" hadi mwisho akiwa haoni hata herufi moja. Kwa hiyo wakristo tunawapima kwa majina ya 1 Mambo ya Nyakati sura ya kwanza. Hakuna anayewakumbuka Mahalaleli na Yaredi kwa kichwa. Wengine wote tunawapa karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye boksi la dawa.

Machi, katikati

Kariakoo. Mvua za kwanza zimeanza, na mitaa ya ndani ina matope. Miwani ya kusomea ipo tele mezani kwa machinga, bei ni kati ya elfu tatu na elfu tano ukinunua moja, na inashuka sana ukichukua kwa dazeni. Tatizo liko kwenye ubora. Muuzaji mmoja alitupa mzigo ambao mtaalamu wetu alipoupitisha kwenye kipimo chake aligundua kuwa baadhi iliyobandikwa +2.00 ilikuwa na nguvu tofauti, na nyingine lenzi ya kulia haikulingana na ya kushoto. Mwenye duka alikataa kuirudisha. Hela hiyo ilitoka kwenye sadaka ya jumuiya, ya watu wanaouza vitumbua na ndizi, na iliniuma. Tangu siku hiyo hatulipi mpaka mzigo upimwe, na tumempata mfanyabiashara mwingine anayekubali sharti hilo.

Machi, mwishoni: Mbagala

Kituo cha kwanza. Tuliweka meza uani kwa mzee wa kanisa, karibu na Rangi Tatu, baada ya ibada ya jumuiya. Nilitarajia waje wanajumuiya. Walikuja na majirani zao, fundi cherehani wa barabarani, mama lishe na mlinzi wa shule.

Yule fundi nataka nimweleze vizuri. Ana miaka 48. Ameshona sare za shule maisha yake yote, na kwa muda sasa sindano imekuwa ikitiwa uzi na mtoto wa jirani. Mtoto akiwa shule, cherehani inasimama. Tulipofika kwenye +1.50 hakutaka kusoma kadi. Alitoa sindano kwenye ukosi wa shati, akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaipitisha mara ya kwanza. Akauchomoa uzi, akaupitisha tena. Kisha akaanza kukagua mishono ya shati alilokuwa amevaa, aliloshona mwenyewe, akisema kwa sauti, "Hapa nimeruka. Na hapa nimeruka." Alilipa akaondoka haraka kwenda kazini.

Tumejifunza jambo la mwanga pia. Wengi wanakwambia, "Mchana nje nasoma, ila usiku ndani siwezi." Ni kweli kabisa, kwa sababu jua kali huibana mboni, na mboni ikibana maandishi hukaa sawa kidogo. Usiku, chini ya taa moja hafifu, msaada huo haupo, na usiku ndio wakati mtu mwenye kazi ana nafasi ya kusoma. Kwa hiyo tunapimia kibarazani, kwenye kivuli, wala si juani.

Jambo jingine limejitokeza ambalo sikuliona likiandikwa popote: simu. Mama anatumiwa pesa na mwanawe aliyeko Mwanza, ujumbe unaingia, hauoni. Anampa kijana yeyote aliye karibu amsomee, na pesa ikitakiwa kutolewa anamtajia na namba ya siri. Hadhi ya mtu mzima inavuja hapo. Mama mmoja, baada ya kuvaa, alikaa kando karibu saa nzima akisoma meseji za zamani, moja baada ya nyingine. Hatukumsumbua.

Aprili

Masika. Kazi imepungua sana. Msimbazi umejaa na barabara imefungwa pale Jangwani, daladala zinazunguka, na njia za ndani za Chanika hazipitiki hata kwa bodaboda. Nimetumia muda huu kutembelea wagonjwa wa karibu, kuandaa wanafunzi wa kipaimara, na kupanga kadi upya kwenye mifuko ya nailoni.

Mei: Mkuranga, Bungu, Nyamisati

Mvua imekatika. Niliondoka alfajiri kwa basi la Kibiti kutoka Mbagala, boksi nimelipakata. Kongowe, Vikindu, Mkuranga, mikorosho pande zote, na kila basi linaposimama wanapanda wauza korosho na mayai ya kuchemsha. Nilishuka Bungu nikachukua bodaboda hadi Nyamisati, kijiji kilicho kando ya mikoko ya delta ya Rufiji, yenye gati la boti za Mafia. Barabara ya udongo bado ina madimbwi makubwa. Dereva alinishusha mara kadhaa nitembee kwa miguu, boksi kichwani.

Huku Wakristo ni wachache sana, wengi wao watumishi wa serikali na wafanyabiashara kutoka bara. Nililala kwa mwalimu mmoja, tukala wali na changu wa nazi, tukafanya ibada ndogo sebuleni kwake. Asubuhi, kama adabu inavyotaka, nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji kujitambulisha, naye akanipeleka kwa maalimu wa madrasa, mzee anayeheshimika kuliko mtu yeyote pale.

"Shikamoo maalimu."

"Marahaba. Karibu, mgeni wetu. Nimeambiwa wewe ni mtu wa kanisa."

"Ndiyo, maalimu. Ni mwinjilisti."

"Na hiyo miwani, sharti lake nini?"

"Halina sharti. Anayehitaji tunampima, akipata inayomfaa anaivaa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nitasomea Msahafu."

"Soma, maalimu."

Alihitaji +2.50. Alipoivaa aliomba aletewe juzuu anayofundishia watoto, akasoma mistari kadhaa kwa sauti ya chini, kidole kikifuata nukta na irabu. Akatikisa kichwa, akamwita kijana, akamwambia awaite wazee wengine waliokuwa barazani.

Ndugu zangu wa idara, hapa nataka nieleweke. Mimi nimetumwa kumhubiri Kristo, na simfichi. Pale Nyamisati kila mtu alijua mimi ni nani, na jioni walioniuliza habari za imani yangu niliwajibu. Lakini miwani si chambo. Kumsaidia mtu kuona kisha kumchagulia cha kusoma ni kumdharau, na Bwana wetu hakumponya mtu kwa mapatano. Nikiulizwa na baraza nitasema hivyo hivyo.

Alasiri nilikaa na wavuvi ufukweni wakitengeneza nyavu zilizochanika. Nyavu za macho madogo, uzi mwembamba, kazi ya saa nyingi. Wenye zaidi ya miaka 45 walikuwa wamewaachia vijana, huku wenyewe wakielekeza kwa mdomo. Miwani yote ya +1.50 iliishia pale.

Juni: suala la bei

Nilivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, kisha Kimbiji. Kituo kilikwenda vizuri, sina mengi ya kuandika. Kilichonikalisha macho usiku ni bei.

Tunauza kwa shilingi elfu mbili, chini ya tulivyonunulia, na asiyenacho hadaiwi. Wapo wanaotaka iwe bure kwa wote. Nimelifikiria sana, na naona elfu mbili ibaki. Miwani huvunjika. Chumvi ya pwani inakula bawaba, mtoto anaikalia, inadondoka kisimani. Tukigawa bure na kuondoka, ikivunjika mwenyewe anasubiri wageni warudi, na huenda wasirudi. Kwa hiyo Kimbiji tumemwachia mama mwenye duka la rejareja akiba ndogo, kadi ya kupimia na daftari. Amefundishwa kupima na kutambua dalili za rufaa, na anabaki na mia tano kwa kila moja. Sasa miwani inapatikana kijijini siku yoyote, dukani panapouzwa sukari na kiberiti. Tumefanya vivyo hivyo Mbagala.

Juni, mwishoni: Pugu na Chanika

Ukipanda milima ya Pugu unapita mahali ambapo Wabenediktini wa St. Ottilien walijenga misheni yao mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, ilivamiwa na kuchomwa, baadhi ya wamisionari wakauawa. Walioendelea na kazi walihamia mjini Dar es Salaam, na kanisa la Mtakatifu Yosefu pale baharini ni matunda yao. Nikipita hapo huwa nawaza jinsi umisheni ulivyokuja umefungamana na bendera ya dola, na jinsi watu wa Pwani walivyoulipia na kuulipiza. Ndiyo maana mimi, Mtanzania ninayetumwa kwa Watanzania wenzangu, sipendi kuingia kijijini kabla mwenyekiti hajanipokea.

Chanika tulipata kesi ya rufaa. Bibi wa miaka zaidi ya 70, mwanafunzi wa kisomo, ambaye cheti chake bado kimetundikwa ukutani kwenye fremu. Alikuja akishikwa mkono na mjukuu. Kila lenzi tuliyojaribu hakuona tofauti. Mama wa umoja wa wanawake alimgeuza kuelekea mwanga, akaniita nitazame: mboni zote mbili nyeupe, wazi kabisa. Mtoto wa jicho.

"Bibi, tangu lini?"

"Tangu kabla mjukuu huyu hajaanza shule. Nikaambiwa ni uzee."

Tulimwandikia rufaa kwenda hospitali ya CCBRT, Msasani. Kutoka Chanika hadi Msasani kwa mtu asiyeona ni daladala tatu na umati, hivyo mzee mmoja wa kanisa alijitolea gari, mimi nikaenda nao. Walimpima, wakampangia upasuaji wa jicho moja kwanza. Upasuaji wa mtoto wa jicho unatoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, mgonjwa harudi kama alivyoingia. Siku bandeji ilipotolewa nilikuwa nje kwenye benchi. Alipotoka mlangoni alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akamwambia, "Umekuwa mrefu. Na hilo shati limechanika, mama yako halioni?"

Bado hasomi. Mtu aliyewekewa lenzi bandia kwa kawaida huhitaji miwani ya karibu hata hivyo, na jicho lazima litulie kwanza. Tumeandika kwenye daftari arudi kupimwa.

Julai: baraza la wazee

Nimewasilisha taarifa. Ombi langu lilikuwa moja: kwenye bajeti ya mwaka ujao, kifungu cha kununua Biblia kiambatane na kifungu cha miwani. Hoja nimeiweka wazi. Kila mwaka tunanunua Biblia za Union Version, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1952, nyingi za ukubwa wa mkono zenye herufi ndogo sana, tunawapa wanaobatizwa na wazee wasiojiweza. Mpokeaji akiwa na miaka 55 bila miwani, tumempa kitu cha kuweka kwenye khanga.

Mzee mmoja alisema hiyo ni kazi ya hospitali, kanisa lihubiri. Nilimjibu kwa heshima kwamba sisi Walutheri tumejijenga juu ya watu kusoma Neno wenyewe, hivyo chochote kinachomzuia muumini kulisoma kinatuhusu. Niliwaeleza pia habari ya wachuma chai wa Assam, India, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao kwa zaidi ya asilimia 20 ya mavuno. Mwenye kipato anatoa sadaka, nikasema, na hapo mtunza hazina akainua kichwa.

Mzee mwingine alishika Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure," akauliza elfu mbili zinatoka wapi. Swali la haki. Nilimweleza kuhusu mama wa duka Kimbiji, na kwamba hakuna aliyerudishwa kwa kukosa hela. Hakuridhika kabisa, na nafikiri ni vizuri awepo mtu asiyeridhika, atuangalie tusigeuke kuwa biashara. Mwenyekiti amempa kazi ya kukagua madaftari kila robo mwaka, naye ameikubali.

Kifungu kimepita, ila kwa nusu ya kiasi tulichoomba. Nusu nyingine umoja wa wanawake wataitafuta kwa harambee mwezi wa tisa. Agosti nakwenda tena Nyamisati na akiba ya +1.50, kisha kwa boti hadi Kilindoni, Mafia, ambako maalimu ameshaniandikia barua ya utambulisho kwa ndugu yake.